Genk walidhulumiwa? Hesabu ya msimu wa Ubelgiji 2022/23

Msomaji wetu wa Morogoro ameuliza hivi: "Kaka mchambuzi, mimi Genk niliwajua kwa sababu ya Samatta na nimebaki nao mpaka leo. Msimu wa 2022/23 walimaliza mechi 34 wakiwa kileleni, halafu pointi zikakatwa nusu na kombe likaenda Antwerp. Kijiweni wananicheka kila nikisema tulidhulumiwa. Naomba unieleze: kwa nini Ubelgiji wanakata pointi za watu? Bila huo mkato bingwa angekuwa nani? Na Samatta ana ubingwa wa Ubelgiji mara ngapi, moja au mbili?"

Ndugu yangu, nianze na lile litakalokusaidia kijiweni. Mkato ule uliwagharimu Genk pointi moja. Na pointi moja ndiyo iliyowatenganisha na bingwa. Kwa hiyo hasira yako ina msingi, wala usikubali kuchekwa. Lakini neno "kudhulumiwa" mimi silikubali, na nitakuonyesha kwa nini, kwa sababu kuna timu nyingine pale Ubelgiji yenye haki ya kulitumia kuliko Genk.

Twende kwenye namba. Msimu ule ligi ilikuwa na timu 18, kila moja ikacheza mechi 34, nyumbani na ugenini, kama ligi yoyote unayoijua. Mechi 34 zilipoisha, msimamo wa juu ulisomeka hivi: Genk pointi 75, Union Saint-Gilloise pointi 75, Antwerp 72, Club Brugge 59. Genk na Union walilingana, Genk wakakaa juu. Kwenye nchi nyingi hapo ndipo watu wangefungua shampeni. Ubelgiji, hapo ndipo kazi ilipoanza. Timu nne za juu ziliingia kwenye hatua ya ubingwa, kila moja ikutane tena na wenzake watatu nyumbani na ugenini, yaani mechi sita za ziada. Kabla ya kuanza, pointi za kila timu zikagawanywa kwa mbili. Ukipata nusu, unapandishwa kwenda namba nzima.

Sasa gawanya. Genk 75 ni 37.5, wakaandikiwa 38. Union vilevile 38. Antwerp 72 ni 36 kamili. Brugge 59 ni 29.5, wakaandikiwa 30. Tazama kilichotokea kati ya Genk na Antwerp: pengo la pointi tatu limekuwa pengo la pointi mbili. Kwa hesabu kavu lingekuwa moja na nusu, ila ile nusu ya kupandishwa iliwarudishia Genk kidogo. Watu wengi husahau jambo hili. Wanasema Genk walikatwa pointi 37, utadhani Antwerp wao walibaki na zao 72. Kila mtu alikatwa. Kinachoumia kwenye mkato ni pengo lako na aliye nyuma yako, na pengo la Genk lilikuwa dogo tangu mwanzo.

Katika mechi sita zile, Antwerp walivuna pointi 11 kati ya 18. Genk wakavuna 8. Union nao 8. Jumlisha: Antwerp 47, Genk 46, Union 46. Hiyo ndiyo picha ya mwisho ya msimu, na ndiyo iliyochorwa kwenye kombe.

Tufanye ulichoniomba sasa, tuondoe mkato. Chukua pointi za mechi 34 zikiwa nzima, ongeza zile za mechi sita. Genk: 75 na 8, jumla 83. Union: 75 na 8, jumla 83. Antwerp: 72 na 11, jumla 83.

Soma tena taratibu. Timu tatu, mechi 40 kila moja, na zote tatu zina pointi 83. Sijui ligi nyingine ya Ulaya ambako ungepata hesabu ya namna hii baada ya miezi kumi ya mpira. Ina maana kwamba bila mkato, tungeingia kwenye vigezo vya chini, na hapo wanasheria wa kijiweni wangekesha. Ubelgiji kwa kawaida timu zikilingana pointi wanaangalia kwanza nani ameshinda mechi nyingi, kisha tofauti ya mabao. Genk ndio waliokuwa moto zaidi mbele ya goli msimu ule, kwa hiyo shabiki wa Genk angekuwa na kila sababu ya kusubiri kwa tabasamu. Hapo nakuunga mkono. Ukiniuliza bila mkato nani alikuwa karibu zaidi na kombe, nitakujibu Genk.

Lakini kuna tahadhari. Hesabu ya "ingekuwaje" inadhani wachezaji wangecheza vilevile, na hawachezi hivyo. Timu huingia uwanjani ikiwa imesoma msimamo. Asubuhi ya Juni 4, 2023, siku ya mwisho, msimamo halisi ulikuwa Antwerp 46, Union 46, Genk 45. Kwa pointi nzima msimamo ungekuwa Union 83, Antwerp 82, Genk 82. Ni siku tofauti kabisa. Antwerp wangeamka wakiwa nyuma ya Union. Kocha wao Mark van Bommel asingepanga mchezo uleule. Kwa hiyo ile 83 mara tatu ifurahie, ila usiitumie kama cheti cha ubingwa.

Siku yenyewe nayo inastahili kusimuliwa, kwa sababu wengi wameiona kwa klipu ya sekunde ishirini tu. Ratiba ilikuwa ya kikatili: Genk walikuwa nyumbani dhidi ya Antwerp, na wakati huohuo Brussels, Union walikuwa wakiwakaribisha Club Brugge, ambao hawakuwa na chochote cha kugombea zaidi ya heshima yao. Brugge walikuwa na msimu wa ajabu. Kwenye Ligi ya Mabingwa walifika 16 bora, nyumbani wakabadilisha makocha na kuachwa mbali. Mara nyingi timu ya namna hiyo ndiyo hatari zaidi siku ya mwisho, kwa kuwa miguu yake haina uzito.

Mpaka inakaribia dakika ya 89, Union walikuwa wanaongoza 1-0. Genk nao walikuwa wanaongoza 2-1. Piga hesabu ya wakati huo: Union 49, Genk 48, Antwerp 46. Bingwa ni Union, klabu ambayo mara ya mwisho ilitwaa ligi mwaka 1935, na ambayo miaka miwili tu nyuma ilikuwa daraja la pili. Halafu Brugge wakasawazisha. Union wakashuka hadi 47, na ghafla bingwa ni Genk mwenye 48. Mashabiki wa Genk wenye simu mkononi walipokea habari hizo wakiwa jukwaani. Brugge hawakuishia hapo, wakaongeza la pili na la tatu, mechi ikaisha 3-1. Union nje. Genk sasa wanachotakiwa ni kulinda 2-1 dhidi ya timu iliyochoka, kwenye uwanja wao, mbele ya watu wao.

Dakika ya 94, mpira ukamkuta Toby Alderweireld nje ya boksi. Huyu ni beki wa kati mwenye miaka 34, mtoto wa Antwerp aliyezunguka Ajax, Atlético Madrid, Southampton, Tottenham na Qatar kabla ya kurudi kwao mwaka 2022. Hakutuliza, hakutafuta wa kumpasia. Aliupiga kwa mguu wa kulia, ukaenda kona ya juu. 2-2. Antwerp 47, Genk 46. Ubingwa wa kwanza wa Antwerp tangu 1957, miaka 66, na wa tano katika historia ya klabu kongwe kuliko zote Ubelgiji. Wiki chache kabla walikuwa wameshabeba Kombe la Ubelgiji, kwa hiyo walikwenda nyumbani na mawili.

Kwa hiyo mtu akikuambia Genk walinyang'anywa na kanuni, mkumbushe kwamba kanuni ileile iliwaacha wakiwa mabingwa mpaka dakika ya 94 ya mechi ya 40. Walihitaji sekunde chache tu za kuondoa mpira. Na kama unataka sababu iliyo juu ya goli lile, ni pointi 8 kati ya 18 kwenye mechi sita za mwisho. Bingwa wa msimu wa kawaida anayevuna chini ya nusu ya pointi kwenye hatua ya ubingwa amejiweka mwenyewe mahali ambapo shuti moja linaweza kumuua.

Mimi kwa mtazamo wangu kilichowaangusha Genk kilianza Januari. Mpaka ligi iliposimama kupisha Kombe la Dunia la Qatar, Genk ya kocha Wouter Vrancken ilikuwa juu na inatisha. Mbele alikuwepo Paul Onuachu, Mnigeria mrefu kama nguzo ya umeme, na pembeni Joseph Paintsil wa Ghana akikata kama wembe. Krosi na pasi za mwisho zilitoka kwa Mike Trésor, na hapa wasomaji wetu wa Bujumbura wasimame kidogo: jina lake kamili ni Mike Trésor Ndayishimiye, baba yake alikuwa mchezaji kutoka Burundi, na msimu ule alitoa asisti zaidi ya 20 kwenye ligi. Januari Onuachu akauzwa Southampton. Klabu kama Genk huishi kwa kuuza, ndivyo walivyowauza Courtois, De Bruyne, Koulibaly na wengine, siwalaumu. Lakini kumuuza mfungaji wako mkuu katikati ya mbio za ubingwa ni uamuzi, na uamuzi una bei. Antwerp kwa upande wao walianza ligi kwa kushinda mechi tisa mfululizo, wakayumba vuli, kisha wakawa wamejikusanya vizuri wakati Genk ndio wanaanza kupungua.

Turudi kwenye swali lako la kwanza, kwa nini wanakata. Utaratibu huu ulianza msimu wa 2009/10, ligi ilipopunguzwa kutoka timu 18 hadi 16. Ubelgiji ni nchi ndogo, imebanwa na Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi, na mtazamaji wa televisheni ana pa kwenda. Wenye ligi walitaka mechi kubwa nyingi zaidi za kuuza. Fikiria ligi yetu ingepangwa Simba na Yanga wakutane mara nne kwa msimu badala ya mbili: mhasibu wa kituo cha televisheni asingelala kwa furaha. Hilo ndilo walilolifanya. Timu za juu zinakutana mara mbili kwenye msimu wa kawaida na mara mbili tena kwenye hatua ya ubingwa. Idadi ya timu zinazoingia imekuwa ikibadilika, mwanzoni sita, baadaye nne, kisha sita tena kuanzia 2023/24. Wazo ni lilelile.

Tatizo lilikuwa hili: ukiweka mechi za ziada huku bingwa wa msimu wa kawaida akiwa mbele kwa pointi 12, mechi hizo kubwa zitakuwa za kirafiki. Ndiyo wakaja na mkato. Kwa kugawa pointi za nyuma, kila pointi ya hatua ya ubingwa inakuwa na thamani ya pointi mbili za msimu wa kawaida. Ushindi mmoja wa mwezi Mei unafuta ushindi mara mbili wa mwezi Septemba. Hapo ndipo penye ubishi wote, kwa sababu ligi kwa asili yake ni mashindano ya uvumilivu, na hawa wameamua kuitia chumvi ya mtoano mwishoni. Wanaoipenda wanasema tazama Juni 4, 2023, ni wapi pengine utaona bingwa akibadilika mara mbili ndani ya dakika tano. Wanaoichukia wanasema mpira wa mwezi Agosti hadi Machi umefanywa wa bei nafuu. Mimi niko na wa pili, ingawa nakiri huwa nawasha televisheni mapema kuliko kawaida Mei ikifika.

Halafu kuna ile nusu pointi, ambayo wewe kama shabiki wa Genk unapaswa kuiwekea picha ukutani. Kanuni inasema timu zikilingana mwishoni, aliyepandishiwa nusu anawekwa chini ya ambaye hakupandishiwa. Mwaka 2011 Genk, wakiwa na Courtois golini na De Bruyne katikati, walimaliza msimu wa kawaida na pointi 64, wakakatwa zikabaki 32 kamili. Standard Liège walikuwa wa sita, pointi 49, yaani 24.5, wakaandikiwa 25. Standard wakaja kama moto wa nyika, wakafuta pengo lote. Mechi ya mwisho ilikuwa Genk dhidi ya Standard, pale pale Genk, ikaisha 1-1. Timu zote mbili pointi 51. Bingwa: Genk, kwa sababu nusu ya Standard ilikuwa ya kupandishiwa. Kwa pointi nzima Genk wangekuwa mbele kwa nane na hakuna ambaye angekuwa na presha siku ile. Kwa hiyo mkato ulikaribia kuwaibia, na kijikanuni cha chini yake kikawaokoa.

Na 2019 je, ubingwa ambao wewe na mimi tuliufuatilia kuliko mwingine wowote? Mkato ulikuwepo pia, ila hatukuuona kwa sababu tulishinda. Msimu wa kawaida Genk walimaliza na 63, Brugge 56. Pengo la saba likakatwa likawa nne, 32 kwa 28. Brugge kwenye hatua ya ubingwa walivuna pointi 22, Genk 20. Yaani Brugge walicheza vizuri zaidi kwenye zile mechi kumi. Lakini akiba ya Genk ilikuwa kubwa ya kutosha. Mei 16, 2019 walitoka sare ya 1-1 Anderlecht, wakawa mabingwa huku mechi moja ikiwa bado, na msimamo ukaishia 52 kwa 50. Kwa pointi nzima ingekuwa 83 kwa 78. Ndiyo, 83 tena. Genk na namba hiyo wana mambo yao.

Tofauti kati ya 2019 na 2023 basi haiko kwenye kanuni. Iko kwenye ukubwa wa akiba uliyoingia nayo. Kanuni ya nusu inamuumiza kiongozi kadiri alivyokuwa mbali, lakini kiongozi aliye mbali hubaki na kitu hata baada ya kukatwa. Aliyetangulia kwa tatu tu hana cha kukatwa, na hana cha kumlinda.

Nilisema kuna timu yenye haki ya kulia kuliko Genk. Ni Union, na ni msimu uliofuata, 2023/24. Union walimaliza msimu wa kawaida na pointi 70. Club Brugge walikuwa wa nne, pointi 51, wamefukuza kocha mwezi Machi, watu wanawaandikia tanzia. Pengo la pointi 19! Mkato ukaja: Union 35, Brugge 25.5 ambayo ni 26. Pengo likawa tisa. Brugge chini ya Nicky Hayen wakavuna pointi 24 kwenye mechi kumi, Union wakavuna 14. Mwisho: Brugge 50, Union 49. Bingwa Brugge. Sasa weka pointi nzima: Union 84, Brugge 75. Hapo huhitaji vigezo vya chini wala tahadhari yangu ya "wangecheza tofauti". Pengo la pointi tisa ni pengo. Shabiki wa Union akisema kanuni ilimnyang'anya kombe, mimi sina la kumjibu. Mwaka mmoja baadaye, 2024/25, waliingia hatua ya ubingwa wakiwa wa tatu, nyuma ya Genk na Brugge, wakaimaliza bila kupoteza hata mechi moja na kuchukua ubingwa baada ya miaka 90. Genk walikuwa vinara wa msimu wa kawaida kwa mara nyingine, wakaishia nafasi ya tatu. Najua, hukuniuliza hilo, na huenda hukutaka kukumbushwa.

Pointi ile moja ya 2023 ilikuwa na bei nyingine pia, na hii haisemwi sana. Antwerp kama mabingwa walikwenda kwenye raundi ya mwisho ya mchujo wa Ligi ya Mabingwa, wakawatoa AEK Athens, wakaingia kundi moja na Barcelona, Porto na Shakhtar Donetsk. Walipigwa sana, lakini Desemba 2023 waliwafunga Barcelona 3-2 kwenye uwanja wao wa Bosuil. Genk kama washindi wa pili walianzia raundi ya chini zaidi ya mchujo, wakatolewa na Servette ya Uswisi kwa penalti. Umbali kati ya kucheza na Barcelona na kutolewa na Servette, kifedha na kiheshima, ulikuwa shuti lile la Alderweireld.

Mwisho, Samatta. Ubingwa wa ligi ya Ubelgiji anao mmoja, wa 2018/19, na ule ni wake kwelikweli. Alifunga mabao 23 kwenye ligi, akachukua Kiatu cha Ebony kinachotolewa kwa mchezaji bora mwenye asili ya Afrika kwenye ligi hiyo. Ongeza na Super Cup ya Julai 2019, Genk walipowafunga Mechelen 3-0. Anayekuambia ana ubingwa mara mbili anachanganya mambo mawili. Kwanza, msimu wa 2022/23 Samatta alikuwepo Genk, lakini kwa mkopo kutoka Fenerbahçe, na hakuwa tena mtu wa kwanza kwenye safu ya mbele, mara nyingi aliingia akitokea benchi. Alikuwa upande wa walioumia. Pili, na hili ndilo linalouma zaidi ukilifikiria, msimu mmoja kabla, 2021/22, alicheza kwa mkopo Antwerp. Mwaka mmoja tu ulimtenganisha na medali ya upande wa pili.

Hakukaa sana na kidonda hicho. Kiangazi hichohicho cha 2023 alikwenda PAOK ya Ugiriki, ligi ambayo nayo ina hatua ya ubingwa baada ya msimu wa kawaida. Mei 2024 ubingwa ukaamuliwa siku ya mwisho, PAOK wakishinda 2-1 ugenini kwa majirani zao Aris. Safari hiyo hesabu ilimwangukia yeye.